Bunduki Haikuingia Ndani

Mama yangu hajui Kiingereza, na mtoto wangu alikuwa hataki Kiswahili. Miaka ile tulipokuwa tunakaa Louisville, Kentucky, huku Marekani, hilo ndilo lililonikera kuliko bili na kuliko baridi. Kila Jumapili baada ya ibada nilimpigia mama simu kule Buffalo, nikampa mtoto asalimie, na wote wawili wakakaa kimya kama watu waliofiwa. Nilimsikia mama akisema, "Mjukuu wangu, hujambo? Umekula nini leo?" Mtoto aliniangalia mimi, akasema kwa Kiingereza kwamba bibi anaongea haraka sana, akanirudishia simu.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

"Anakusalimia."

Mtoto alikuwa na miaka minne. Mama alikuwa na sukari, miguu inavimba, na binti yake ni mimi peke yangu. Nilikuwa nawaza atakufa, halafu mwanangu ataonyeshwa picha na kuambiwa huyu alikuwa bibi yako, mliishi nchi moja, hamkuwahi kuongea. Kwa hiyo nilikuwa na hasira na mtoto wa miaka minne. Naandika ilivyokuwa.

Kosa halikuwa lake. Mimi nilizaliwa Burundi lakini nimekulia kambi ya wakimbizi, Kigoma, nikasoma huko mpaka kidato cha nne. Mume wangu ni Mkongo wa Goma, Kirundi hajui hata cha kuombea maji. Nyumbani tulibaki na Kiswahili, na hata hicho tulikigombania, changu cha Tanzania na chake cha Kivu chenye Kifaransa ndani. Yeye akisema "bibi yangu" ana maana ya mimi, mkewe. Nikamwambia aache, bibi ni mama yangu, mtoto atachanganyikiwa.

"Bon," akasema. "Kama mama yako njo bibi, weye uko nani?"

"Mimi ni mama yake."

"Na mama yangu mie?"

"Naye ni bibi."

"Donc mutoto iko na bibi mbili, na mie sina hata moja."

Mtoto alikuwa katikati, akitugeukia huyu na huyu. Kisha akaenda kuwasha katuni zake za Kiingereza.

Wakati huo mume wangu alikuwa anafanya kazi Jeffersontown, pembeni mwa mji, kwenye ghala la nyama iliyogandishwa. Aliingia na jaketi nene kama godoro, akatoka na vidole vyeupe visivyosikia kitu. Jioni nilimkuta ameviloweka kwenye sufuria la maji ya vuguvugu. Mtu wa kanisani akamwambia kuna duka hapo hapo karibu wanatafuta mtu wa kufagia. Lilikuwa duka la bunduki kuukuu za jeshi, zile za vita vya babu zao. Mwenye duka anazinunua zimeoza kwa kutu, anazitengeneza, anawauzia wazee wanaozitundika ukutani au wanaokwenda nazo kulenga shabaha Jumamosi.

Mwenye duka alimwuliza ametoka wapi. Akasema Kongo. Yule mzee wa Kizungu akatikisa kichwa polepole, kwa heshima, akauliza: basi bunduki unazijua?

Mume wangu akasema ndiyo.

Muongo. Mume wangu bunduki alizijua kwa mgongo, yaani alizipa mgongo akakimbia. Alichojua kutengeneza ni baiskeli na chukudu, ile mikokoteni ya mbao ya kwao Goma. Aliponisimulia nilikuwa namsuka mtoto. Nikasimama na kitana mkononi.

"Ulimwambia unazijua?"

"Angeniuliza ndege, ningesema minajua ndege. Kule kwa baridi vidole vinakufa, bibi."

"Bunduki haiingii humu ndani."

"Haitaingia."

"Hata moja. Hata ya plastiki."

"Nimesikia, mama."

Sababu alikuwa anaijua. Mama yangu alimpoteza mtoto wake wa kwanza kwa risasi, mbele ya nyumba yetu, mimi nikiwa mgongoni mwake nimefungwa kwa kitenge. Kaka huyo simkumbuki. Kwetu jina lake halitajwi mezani, na mtoto wa kwanza wa mtu yeyote akiletwa kanisani kubarikiwa, mama anatoka nje kidogo, anarudi.

Mume wangu alianza na ufagio. Haukupita muda, mwenye duka akamwekea mezani bunduki moja ya jeshi la Marekani. Ukiivuta kwa kidole haivutiki, ukiiacha inajifyatua yenyewe. Akamwambia anasafiri wiki kadhaa kwenye maonyesho, akirudi aikute inafanya kazi, na kama itafanya kazi basi ufagio atampa mtu mwingine na yeye atakaa kwenye meza ya mafundi. Mume wangu alirudi nyumbani na uso wa mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

"Kila mashini iko na kitabu yake," akaniambia. "Weye ulisoma. Unitafutie."

Ningeweza kukataa. Hasira za kukataa nilikuwa nazo za kutosha. Lakini nilikuwa nimeviona vile vidole kwenye sufuria.

Nikaanza kutafuta kwenye simu huku nasonga ugali. Sikujua kwamba dunia ina watu wengi hivyo wanaopenda vitabu vya bunduki kuukuu. Kuna wazee wanagombana mtandaoni kuhusu mafuta gani yapakwe kwenye mbao, wanatukanana kwa adabu, kila mmoja anasema hivyo ndivyo alivyofundishwa jeshini. Kuna tovuti zinakuonyesha jalada tu, halafu zinataka namba ya kadi. Kuna kitabu nilikipata bure, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa una kidole gumba cha mtu aliyekuwa amekishika, kidole kimekaa juu ya neno lile lile ninalolitaka. Nilimtukana yule mtu na gumba lake. Kingine nilikipakua usiku kucha kwa intaneti yetu mbovu, kumbe ni cha toleo jingine. Mume wangu akaangalia mchoro mara moja tu. "Hii iko na tumbo," akasema, akinionyesha kisanduku cha risasi kilichotokeza chini. "Yetu haina tumbo."

Kisha nikaelewa kitu ambacho hakuna aliyenieleza. Vitabu hivi ni vya aina mbili. Kuna kitabu cha askari na kuna kitabu cha fundi. Cha askari kimezagaa kila mahali: safisha hivi, paka mafuta hivi, usiiangushe kwenye matope. Na kila ukifika kwenye kitu kilichoharibika, kinakwambia usiguse, mpelekee fundi wa silaha. Sasa fundi wa silaha mwenyewe ndiye huyu, amekaa jikoni kwangu, jana alikuwa anafagia, anasubiri nimsomee.

Cha fundi ndicho kilichokuwa hakipatikani.

Nikachapisha kile cha askari kwenye maktaba ya mtaani ili angalau tuanze kujua vitu vinaitwaje. Mchoro mmoja ulionyesha bunduki imefunguliwa yote, vipande vimepangwa kwenye karatasi kama samaki aliyepasuliwa, kila kipande na jina lake. Mume wangu Kiingereza cha vipande hakuwa nacho. Mimi niliweza kukisoma, lakini Kiswahili chake sikuwa nacho. Nani angenifundisha? Shule ya kambini tulijifunza sehemu za ua na sehemu za panzi.

Basi tukavipa majina wenyewe. Ile mbao ya kuegemeza begani ni kitako, hiyo kila mtu anaijua. Chuma kinachofunga na kufungua kule nyuma nikakiita komeo. Kile chembamba kinachogonga risasi, sindano. Kuna kidude kinachoking'ata kingine kukizuia, na hicho ndicho kilichokuwa kimelika, tukakiita jino. Tukafika kwenye ile ya kuvuta kwa kidole.

"Sisi tunasema détente," akasema.

"Hicho ni Kifaransa."

"Na Kiswahili yako inasema je?"

Nikauangalia mchoro. Kilikuwa kinaning'inia katikati ya kiduara cha chuma, chembamba, kimepinda, kama kile kinyama unachokiona mwisho wa koo la mtoto akilia.

"Kilimi," nikasema.

Akacheka mpaka akashika meza. "Bunduki iko na koo. Kesho itapiga miayo." Na mimi nikacheka. Siku nyingi zilikuwa zimepita hatujacheka pale mezani. Mtoto akatoka chini ya meza alikokuwa na wanasesere wake, akataka kujua tunacheka nini, na baba yake akamwekea kidole kwenye mchoro.

"Ona. Kilimi. Kilimi iko mubaya, haivute."

"Kilimi iko mubaya," mtoto akasema.

Sentensi nzima ya Kiswahili. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Nilijua kabisa amesema habari ya nini, na nikampa biskuti.

Kuanzia siku hiyo alikuja mezani mwenyewe. Katuni aliziacha. Alivitaja kama wimbo huku anapiga kijiko: kitako, komeo, sindano, jino, kilimi. Nami nikawa najitetea kichwani kwangu. Bunduki haikuingia ndani, ni karatasi tu. Na maneno yenyewe yana ubaya gani? Komeo ni la mlango, sindano ni ya kushonea, jino liko mdomoni. Hakuna hata moja ambalo mtoto asingelisema mbele ya mchungaji.

Kitabu cha fundi alikipata mdogo wangu wa kiume, anayesoma chuo kikuu Columbus. Nilimwandikia nikiwa sina tumaini. Akajibu kwamba maktaba yao ina vitabu vya jeshi vya zamani kule chini, ghorofa ya chini ya ardhi, havijaguswa, na anaweza kunipigia nakala. Kiangazi hicho tulikuwa tunakwenda Buffalo kumwona mama, na Columbus iko njiani.

Alikuwa anakaa na Mkenya mmoja kwenye nyumba ya wanafunzi karibu na chuo, viatu vimejaa mlangoni, kochi la kuokota barabarani. Tulipoingia, Mkenya alikuwa ameshafungua bahasha ya nakala zetu anapekua.

"Siste," akaniambia, "mimi nafanya utafiti wa mahindi hapa mwaka wa nne. Hakuna mtu ata mmoja ashawahi toa gari Kentucky akuje kuchukua kazi yangu."

"Ungechagua mahindi yanayolipuka," mdogo wangu akasema.

"Hiyo ni popkoni, na washaandika."

Mume wangu hakuwa anawasikia. Alikuwa amefika kwenye ukurasa wa jino. Limechorwa peke yake, kubwa kama kiganja, na mishale ya kuonyesha likilika linalikia wapi. Akaifuata ile mishale kwa kidole, mmoja mmoja. "Njo hii," akasema mwishowe. "Njo hii yenyewe."

Mtoto akampanda gotini, akaona mchoro. "Jino," akasema. "Kilimi. Kilimi iko mubaya."

Mdogo wangu akaweka kikombe chini. "Dada, anaongea Kiswahili."

"Anaongea."

"Ameanza na hicho?"

"Ameanza na hicho."

Akanivuta jikoni. "Mama anajua shemeji anafanya kazi gani?"

"Anajua yuko dukani."

"Duka la nini?"

"Hajauliza."

"Dada."

"Wewe ndiye uliyepiga nakala," nikamwambia. "Usinihubirie."

 Naye ni mtoto wa mama, na aliyeuawa alikuwa kaka yake pia. Akatufungia chapati za njiani, akatusindikiza mpaka kwenye gari, na hakuniangalia usoni alipofunga mlango.

Kiyoyozi cha gari letu kilikuwa kimekwama, hakizimiki, na njiani mtoto akashikwa na kikohozi. Alikohoa na kuimba, kukohoa na kuimba: kitako, komeo, sindano. Ningeweza kumnyamazisha. Ningeweza kumfundisha jingine njia nzima, maji, kuku, asante, bibi nakupenda. Sikufanya hivyo, kwa sababu niliogopa nikimgusa ataacha vyote na kurudia Kiingereza chake. Nilitaka mama asikie mtoto anaongea. Anaongea nini, sikutaka kuwaza.

Mama anakaa mtaa wa Lower West Side hapo Buffalo, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, na chini yake kuna familia ya Waburma. Alikuwa ametupikia maharage na ndizi. Akamkumbatia mtoto, akamkalisha ubavuni kwake, akamwambia maneno mengi, na mtoto akakaa kimya kama kwenye simu. Nikaona mama anaanza kunyamaza naye. Basi nikainama nikamwambia mtoto kwa Kiingereza: mwambie bibi maneno yako.

Mtoto akameza ndizi, akakohoa, akasema waziwazi, kwa lafudhi ya baba yake:

"Bibi. Kilimi iko mubaya."

Mama akaweka kijiko. Kwanza uso wake ulifunguka, niliuona, furaha tupu. Kisha ukabadilika.

"Kilimi chako, mwanangu?"

"Kilimi," mtoto akasema, amefurahi kueleweka. "Haivute."

"Hakivuti nini? Pumzi?"

Kwetu kilimi ni ugonjwa. Kwa Kirundi neno lenyewe ni karibu lile lile, na Watanzania wengine wanasema kimeo. Mtoto akikohoa sana, akikataa chakula, wazee wanasema kilimi kimelegea, kimeangukia kooni, na kuna watu wanaojua kukikata. Mimi mwenyewe nilikatwa, kambini. Wapo waliokatwa wakanenepa, na wapo waliotoka damu tukawazika, na manesi wa kambi walikuwa wanatugombeza kila siku. Nilipokuwa natafuta jina la kile chuma kule Louisville nilikumbuka umbo tu. Hayo mengine yote sikuyakumbuka.

Mama akamgeuza mtoto kwenye taa. "Fungua mdomo." Mtoto akafungua, akidhani ni mchezo.

"Kimekuwa chekundu," mama akasema.

"Mama, ni kikohozi cha kwenye gari."

"Kimelegea."

"Tutampeleka kwa daktari tukirudi."

"Daktari wa hapa atampa dawa tamu ya chupa tu." Akaniangalia. "Huyu mtoto hajaniambia neno tangu azaliwe. Leo neno la kwanza ananiambia anaumwa. Ameniambia mimi, hakukwambia wewe. Na wewe unaniambia kikohozi."

Mume wangu akaacha kutafuna. Alikuwa ananiachia mimi, maana ni mama yangu, si wake. Ilitakiwa sentensi moja tu. Lakini mama alikuwa amekaa pale, mkono juu ya kichwa cha mtoto, mwanamke aliyechaguliwa na mjukuu wake, na mimi nimwambie kwamba alichoambiwa ni habari za bunduki?

"Kula, mama," nikasema. "Chakula kinapoa."

Asubuhi mimi na mume wangu tulipeleka gari kwa fundi aangalie kiyoyozi, tukamwacha mtoto na bibi yake. Tuliporudi nyumba ilikuwa tupu. Yule mama wa Kiburma wa chini akatoka barazani, akanionyesha barabara, kisha akaweka mikono yake nyuma kiunoni na kujitikisa: mtoto mgongoni.

Nilijua walikokwenda. Mtaa wa pili kulikuwa na mama mmoja Mrundi, wanasali naye, ambaye mama alikuwa anamsifia mikono yake ya kukata vilimi tangu kambini. Nilikimbia. Ndala moja ilinitoka njiani, sikuirudia.

Mlango ulikuwa wazi. Mtoto amekalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, mdomo wazi, kijiko kimekandamiza ulimi, na yule mama amemwinamia na tochi ya simu. Mama yangu alikuwa amemshika kichwa kwa nyuma.

"Acha," nikasema.

Yule mama hakushtuka. "Niache nini? Ninaangalia tu." Akazima tochi. "Mimi kukata niliacha huko huko. Hapa Amerika nikimkata mtoto wa mtu hata kucha naitiwa polisi. Nimemwambia mama yako hivyo tangu mlangoni, akasema basi angalia. Nimeangalia. Kilimi cha huyu mtoto hakina kitu."

"Mwenyewe amesema ni kibaya," mama akasema.

"Nani? Huyu? Huyu tangu aje anakula karanga zangu."

Mtoto akaniona. Akacheka, akasema, "Kilimi iko mubaya," akangoja nimsifu.

"Si unamsikia?" mama akasema.

Ndipo niliposema, na sikusema vizuri. Nilikuwa nahema, mguu mmoja peku. Nikasema mama, hicho kilimi si chake. Ni cha bunduki. Baba yake anatengeneza bunduki za zamani, ndiyo kazi yake, na kile chuma cha kuvuta kwa kidole kimeharibika, anakisema kila siku, na mtoto amesikia.

Yule mama akaingia jikoni kwake, akafungua bomba la maji, akaliacha linatiririka.

"Kuna bunduki ndani ya nyumba ya mjukuu wangu?" mama akauliza.

"Hakuna. Hata moja. Ni karatasi, mama. Ni kitabu tu."

"Na hicho chuma kinaitwa kilimi?"

"Hakiitwi. Hatukujua jina lake."

"Nani alikipa jina hilo?"

Hapo ningeweza kumtaja mume wangu. Angenibebea, namjua.

"Mimi," nikasema.

Mama akamfuta mtoto mate kidevuni kwa pembe ya kitenge chake. Hakuuliza tena. Akambeba, yeye mwenyewe, na miguu yake ile iliyovimba, akatoka. Nilipotaka kumpokea alipita pembeni yangu kama mtu anayepita nguzo.

Nyumbani alikaa na mtoto kitandani kwake. "Niambie mengine," akamwambia. Mtoto hakuelewa. Ikabidi nitafsiri nikiwa nimesimama mlangoni, na mama hakugeuka.

Kitako, mtoto akasema. Mama akamchapa kidogo makalioni, mtoto akacheka. Sindano. Mama akatoa kopo lake la nyuzi, akamshikisha sindano kwa vidole viwili, wakatunga uzi pamoja mpaka ukaingia. Jino. Mama akafungua kinywa chake akamwonyesha machache yaliyobaki, na mtoto akayagusa moja moja. Komeo. Akamwongoza mpaka kwenye mlango wa nje, wakalifunga na kulifungua, wakalifunga na kulifungua, mpaka mume wangu, ambaye alikuwa nje anataka kuingia, akakata tamaa akakaa kwenye ngazi.

Kilimi, mtoto akasema mwisho.

"Hilo liache," mama akamwambia. Akampa jingine. Akampa mengi. Siku tulizokaa pale hakunisemesha zaidi ya njoo ule na washa taa, lakini na mtoto hakunyamaza. Siku ya kuondoka mtoto alikuwa anasema bibi nipe maji, bibi sitaki, bibi twende. Kitu nilichokililia miaka minne mama alikifanya kwa siku chache, na alianzia kwenye maneno yale yale niliyoyaleta mimi, akiyafuta moja moja kama vyombo.

Mama hamwachi mtu asafiri bila kumwombea. Tukasimama kando ya gari, vichwa chini. Akaliombea gari, na matairi yake, na dereva asisinzie. Akaombea polisi wa njiani wawe na huruma. Akaombea kikohozi cha mtoto, na mdogo wangu na mitihani yake, akaniombea hata mimi nipewe akili. Kila safari, kabla ya kusema amina, humshika mume wangu mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, na kumwomba Bwana aibariki kazi ya mikono hii. Mume wangu alikuwa ameshaitoa. Ilikuwa hewani mbele yake, imefunguka.

"Amina," mama akasema, akaenda kumbusu mtoto dirishani.

Tulipofika barabara kuu mume wangu akasema, "Mama amesahau kuombea kazi."

"Mama hajasahau."

Akaendesha. Baada ya muda akauliza, "Donc niache? Nirudie kule kwa baridi?"

Nikamchukia kwa kuniuliza mimi, kana kwamba jibu ninalo na ninamnyima. Bahasha ilikuwa mapajani mwangu. Mwenye duka alikuwa anarudi wiki ile, na ule ukurasa wa jino nilikuwa bado sijamtafsiria hata nusu. Nikautoa. Nikaanza kumsomea kwa sauti ya chini.

Nyuma mtoto akaacha kuimba. Nikamwona kwenye kioo, shingo ameinyoosha, anasikiliza. Kiingereza anakijua. Na Kiswahili sasa anakijua. Lugha ya kumfichia sikuwa nayo tena. Nikaurudisha ukurasa ndani ya bahasha, nikangoja alale.